Uzamili Nilioupata kwa Walioondoka

Jumapili iliyopita tukitoka kanisani, binti mmoja anayefundisha biolojia huko Kikatiti alinishika mkono kabla sijafika getini.

"Shikamoo, Madam. Mimi nataka siku moja niwe mkuu wa shule. Nisome nini?"

"Marahaba, mwanangu. Soma watu."

Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeomba maji akapewa wimbo. "Sawa, Madam. Lakini hiyo shahada ya watu inatolewa chuo gani?"

Alikuwa na haki ya kunichokoza. Jibu lile lilikuwa la kizee, na mimi nilipokuwa na umri wake niliyachukia majibu ya namna hiyo kuliko nilivyochukia zamu ya jikoni. Basi leo nimejivutia kiti barazani, migomba mbele yangu na mlima Meru mgongoni, nimjibu sawasawa yeye na ninyi wenzake wote mnaosahihisha madaftari huku mkiota ofisi yenye mlango wa kufunga.

Nianze na hilo la chuo, maana ndilo mnaloulizana kwenye chai ya saa nne. Enzi zangu, mwalimu mwenye stashahada aliyetaka kupanda alikuwa na safari ndefu: kwanza shahada, ndipo uzamili. Shahada niliipata kwa elimu ya masafa. Vitabu vilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam vimefungwa kamba ya katani, nami nikavisoma alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe, jalada likinuka moshi na maziwa. Ni njia nzuri kwa mwenye familia, ila ina upweke wake. Hupati mtu wa kubishana naye. Nilikuwa nabishana na ng'ombe.

Uzamili ukaniletea maswali mengine. Kwenda Dar kukaa chuoni miaka miwili? Mwenzangu mmoja alifanya hivyo, akarudi na digrii safi na koti jipya, akakuta meza yake amekalia mtu mwingine na vipindi vyake vimegawanywa kama nyama ya mbuzi. Na kusoma nini hasa? Wengine waliniambia niendelee na Kiswahili, somo langu. Niliwajibu, na ninyi nawajibu vilevile: kama roho yako iko kwenye somo, chukua uzamili wa somo na ubaki darasani kwa raha zako, wala usione aibu. Uzamili wa uongozi wa elimu mwachie mtu anayeweza kusikiliza habari za choo kilichoziba kwa makini yaleyale anayosikilizia shairi. Mimi, kwa bahati yangu au balaa langu, niliweza vyote viwili.

Niliangukia masomo ya Jumamosi. Chuo kimoja cha Dar kilikuwa kimeanza kuleta wahadhiri Arusha mwishoni mwa wiki. Ndizo siku ambazo kila kitu kilikuwa kimekuwa ruksa, na hata elimu ya juu ilianza kumfuata mteja alipo. Darasa tulikodishiwa kwenye shule ya msingi katikati ya mji. Oneni picha hiyo: watu wazima, wakuu wa shule na wanaotaka ukuu, mwingine na tai, mwingine mtawa na rozari yake, wote tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili. Nadharia zote za uongozi nilizisomea magoti yakiwa karibu na masikio. Mwalimu Bakari, aliyezaliwa mitaa ya zamani ya mjini na kuendesha shule hukohuko, alikuwa analeta kashata kwenye mfuko wa karatasi na kutugawia kila mhadhiri alipogeuka ubaoni. "Kuleni," alikuwa akinong'ona, "hii ndiyo motisha, hayo mengine ni mishale tu." Kweli kila nadharia ilikuwa na mchoro wenye mishale.

Lakini msidhani nilikwenda kule kwa kupenda mishale. Nilikuwa nimebanwa.

Shule yetu ilikuwa kwenye mteremko juu ya Usa River, shule ya sekondari ya wananchi. Serikali ilipotangaza kwamba yeyote mwenye uwezo ajenge shule, watu wa mlimani walilisikia lile neno "yeyote" kana kwamba wameitwa kwa majina. Kila nyumba ilileta mawe kutoka mtoni. Wanawake waliyabeba mgongoni, wanaume wakamwaga zege, na mafundi walilishwa ndizi mpaka wakaomba wali. Kwa hiyo ilikuwa shule ya kila mtu, na kila mtu aliikagua. Ulikuwa unaweza kufundisha, ukageuka ukamwona mama na mzigo wake wa majani ya ng'ombe kichwani, amesimama dirishani, anasikiliza kama unafundisha kweli. Akiridhika anakwenda zake. Asiporidhika anabaki.

Mkuu wetu wa kwanza aliondoka akafungue akademia yake Njiro, yenye basi la njano na sare za sketi za mikunjo. Mimi nilikuwa makamu, nikawa kaimu. Kaimu, kama hamjui, ni mtu anayekalia kiti cha moto kwa heshima ya kiti cha baridi. Maamuzi magumu yote ni yako. Mazuri yanasubiri mkuu atakayekuja.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mzee Akyoo, mkulima wa kahawa, mrefu, mwenye koti la kijivu alilolivaa jua na mvua. Aliniita siku moja akaniambia bila kuzunguka.

"Mwalimu, tunakupenda. Lakini siku hizi wazazi wanalinganisha. Shule ya kule chini ina mkuu mwenye digrii mbili. Hapa wananiuliza, wa kwetu ana ngapi?"

"Nina moja, Mzee, na ya pili naitafuta."

"Itafute haraka. Mwaka wa pili kuanzia sasa, kwenye mkutano wa wazazi, tunamtangaza mkuu. Ukiwa umemaliza, ni wewe. Usipomaliza, yuko bwana mmoja wa Moshi ameshaleta vyeti vyake. Vizuri tu, vimewekwa kwenye plastiki."

Nami niliutaka ule ukuu. Siwafichi. Siwezi kusema niliutaka kwa ajili ya watoto tu, ingawa watoto walikuwemo. Niliutaka kwa sababu niliijua ile shule kama mkono unavyolijua jembe lake, na wazo la mtu wa vyeti vya plastiki kuja kuniuliza ufunguo wa stoo uko wapi lilikuwa linanikosesha hamu ya chakula.

Sasa tufike kwenye tasnifu, maana hapo ndipo wengi wenu mtakwama. Kozi za darasani mtazifaulu. Ninyi ni walimu, mitihani mmeizoea. Tasnifu ni kitu kingine.

Mada yangu ilikuwa kwa nini walimu wanazihama shule za wananchi. Niliichagua kwa sababu ilikuwa inaniuma. Kwetu walimu walikuwa wanavuja kama chai kwenye chupa iliyopasuka, wa hesabu hasa. Tulikuwa tunabadilisha walimu wa hesabu kama watu wanavyobadilisha mitumba: huyu ametubana, huyu ametupwaya, huyu ameondoka kabla hatujamjaribu vizuri. Na jibu lilijulikana na kila mtu. Mshahara. Mjini kulikuwa na twisheni, kulikuwa na akademia, kulikuwa na kampuni za utalii zinazotaka watu wenye Kiingereza. Nani angebaki mlimani kufundisha kipeo cha pili? Niliandika hivyo kwenye pendekezo la utafiti, kwa lugha ndefu zaidi.

Msimamizi wangu alikuwa Dokta Mwanaidi, mwanamke wa Tanga aliyekuja kwa basi kila wiki ya pili, amejifunga kanga juu ya suti kwa sababu ya baridi yetu. Alisahihisha kwa penseli. Aliamini kwamba kalamu nyekundu inamziba mtu masikio. Sauti yake ilikuwa laini mno, mpaka ukaja kugundua baadaye, ukiwa njiani unarudi nyumbani, kwamba ulikuwa unagombezwa.

Nikatengeneza hojaji. Maswali yalikuwa na vile visanduku vya kuweka tiki: nakubali sana, nakubali, sijui, sikubali, sikubali kabisa. Nikazigawa kwa walimu wangu wakati wa chai, nikawaomba wazijaze kwa uhuru, wasiandike majina. Jumatatu mtaaluma wangu, msimamizi wa masomo na mitihani, Mwalimu Laizer, aliniletea zote kwenye bahasha moja, zimenyooshwa, zimepangwa, hata pembe hazijakunjika. Nikashukuru Mungu kwa kunipa walimu wa namna hiyo. Nikakaa nikapiga hesabu, na asilimia zilitoka nzuri ajabu. Kila swali asilimia mia.

Jumamosi nikampelekea Dokta Mwanaidi nikiwa na furaha ya mtu aliyeotesha mahindi yasiyo na magugu. Alizipitia polepole. Akazirudia. Akavua miwani.

"Mwenzangu, umewahoji watu wangapi?"

"Walimu wote, Dokta."

"Mimi hapa namwona mtu mmoja. Ana miandiko mingi, lakini ni mtu mmoja." Akachomoa karatasi moja, akaisogeza mbele yangu kwa ncha ya penseli. "Na huyu hapa alijaribu kuwa mtu wa pili. Tazama alivyofanywa."

Kwenye swali la saba, mwalimu yule alikuwa ameweka tiki kwenye "sikubali." Tiki hiyo ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na jibu la wenzake likawekewa vema kubwa pembeni. Hojaji yangu ilikuwa imesahihishwa.

Nilirudi mlimani nikaenda moja kwa moja kwa Laizer, ambaye nyumba yake ilikuwa uani mwa shule. Alikuwa anapiga pasi shati.

"Laizer, mlifanya nini na zile karatasi zangu?"

"Tulizijaza, Madam. Kuna tatizo?"

"Mlizijaza pamoja?"

Akaiweka pasi pembeni, kwa heshima. "Madam, ule ni mtihani wako. Tuliona kila mtu akijaza lake, wengine watakuharibia. Nikawaandikia mwongozo ubaoni, wakanakili. Yule Mwalimu wa jiografia alitaka kuleta ubishi swali la saba nikamrekebisha."

"Hakukuwa na jibu sahihi, Laizer. Nilitaka kujua mnachofikiri."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna mpira usio na magoli. "Sasa bila jibu sahihi mtu anafaulu vipi? Madam, tuliogopa utafeli. Ukifeli anakuja yule wa Moshi."

Ningemkasirikiaje? Watu wengine wangewadanganya wakubwa wao kwa woga au kwa kujipendekeza. Walimu wangu walinidanganya kwa mwongozo wa kusahihisha, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu ni walimu, na karatasi yenye maswali ikifika mbele ya mwalimu mkono wake unatafuta jibu moja kama mtoto anavyotafuta ziwa. Nilicheka mpaka Laizer naye akacheka, ingawa hakujua kwa nini. Halafu nikaenda nyumbani nikaitazama kalenda, maana miezi ilikuwa inakwisha na sura ya nne, ile ya matokeo ya utafiti, ilikuwa haina kitu.

Hapa ndipo penye somo la kazi, liandikeni mahali. Usifanye utafiti kwa watu unaowasainia ruhusa za kwenda kliniki. Dokta Mwanaidi aliniambia hivyo Jumamosi iliyofuata, kwa ile sauti yake laini. "Unauliza kwa nini walimu wanaondoka, halafu unawauliza ambao hawajaondoka. Wale walioondoka wako wapi? Wamekufa?"

Hawakuwa wamekufa. Walikuwa mjini.

Wa kwanza kumpata alikuwa Shirima, mwalimu wa hesabu niliyemlilia kuliko wote. Kijana wa Kichaga, mchangamfu, aliyeweza kuwafanya watoto wacheke kwenye logarithimu. Nilimkuta kwenye gereji moja kuelekea Njiro, anaosha Land Rover ya watalii, amevaa kofia yenye picha ya chui.

"Madam! Shikamoo. Umekuja kunirudisha?"

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza. Uliondoka kwa sababu ya mshahara?"

Aliendelea kusugua matope kwenye tairi. "Mshahara? Madam, huku nalipwa wageni wakija. Masika yote nimekaa hapa nasugua gari lisilokwenda popote. Mshahara ningevumilia."

"Sasa nini?"

"Kile kikao."

Nikamuuliza kikao gani, ingawa nilikuwa nimeanza kujua.

Ilikuwa desturi ya shule yetu, na nadhani hakuna shule nyingine iliyokuwa nayo namna ile. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi wote walikusanyika uwanjani kwenye viti walivyobeba kutoka majumbani. Mzee Akyoo alisoma matokeo somo baada ya somo, na kila somo lilipotajwa mwalimu wake alisimama mbele ya watu. Somo likiwa limefanya vizuri, vigelegele, mwalimu anakaa. Likiwa limefanya vibaya, mwalimu anabaki amesimama mpaka wazazi wamalize kusema waliyo nayo.

"Mimi nilisimama," Shirima akasema, "baba mkwe wangu mtarajiwa akiwa mstari wa pili. Alikuja kwa sababu ana mjukuu pale shuleni. Mama mmoja akaniuliza kama na mimi hesabu nilifaulu au niliibia. Watu wakacheka. Na mkwe akacheka, Madam. Ndiyo siku nilipoamua kwamba simba ni afadhali."

"Na ndoa?"

"Nilioa kwingine." Akakunja kitambaa. "Wewe usingeweza kujua. Kiswahili kilikuwa kinafaulu kila mwaka. Wewe ulikuwa unasimama unapigiwa vigelegele."

Ni kweli. Kwangu mimi kikao kile kilikuwa sikukuu. Nilikuwa nashonesha gauni.

Nikaenda kwa wengine. Mwalimu wa fizikia alikuwa anafundisha twisheni kwenye gereji ya nyumba moja ya ukuta mrefu huko Njiro, ubao wake umeegemezwa kwenye magurudumu ya zamani, na aliniambia maneno karibu yaleyale kabla sijamaliza salamu. Aliyekuwa wa kemia alikuwa na duka la steshenari Kikatiti. Huyo alifikiri kidogo, akasema, "Mimi nilikuwa naumwa tumbo kila matokeo yakikaribia. Nilipoacha kazi tumbo likapona. Sijawahi kwenda hospitali tena." Mshahara waliutaja wote, lakini waliutaja kama mtu anavyotaja mvua: ipo, inajulikana, haikumhamisha mtu. Waliondoka kwa sababu walichoka kusimama.

Basi nikawa na sura ya nne. Na nikawa na tatizo.

Kile kikao alikibuni Mzee Akyoo mwenyewe. Ndicho kitu alichojivunia kuliko koti lake. Na nakala ya tasnifu ilitakiwa bodini kama ushahidi kwamba nimemaliza. Nilikuwa naandika kwamba mwenyekiti anayenipa kazi ndiye anayewafukuza walimu, halafu nampelekea asome.

Mume wangu, Baba Neema, ni mtu wa amani. Alikuwa anapogoa kahawa nilipomweleza.

"Andika mshahara," akasema. "Mshahara haumkasirishi mtu. Ukishakuwa mkuu utakifuta kikao mwenyewe, polepole."

"Na Shirima nimfanye nini?"

"Shirima ana Land Rover."

Lilikuwa shauri la busara, na nililala nalo siku kadhaa. Nikajaribu hata kuandika sura yenye mshahara katikati na kikao kimefichwa kwenye aya ya mwisho, kimevalishwa maneno marefu ili mtu asikitambue. Dokta Mwanaidi aliikuta. Akachora mstari mwembamba wa penseli chini yake.

"Hiki ndicho ulichokipata?"

"Ndiyo, Dokta."

"Mbona kimejificha kama mtoto aliyevunja kikombe? Mimi sijui bodi yako. Mimi nasoma sura ya nne."

Njiani kurudi, mlima ulikuwa umejifunua wote, bila wingu hata moja, jambo lisilo la kawaida alasiri. Nilifika nyumbani nikakitoa kikao kwenye aya ya mwisho nikakiweka mwanzo wa sura, kwa jina lake. Tasnifu yenyewe niliiandika kwa Kiingereza, lakini ugomvi wote niliufanya kichwani kwa Kiswahili.

Ilipita. Wiki chache kabla ya mkutano wa wazazi nilipata barua ya kwamba nimefaulu, nikachukua nakala moja yenye jalada gumu jeusi nikampelekea Mzee Akyoo nyumbani. Aliipima kwa mkono kama anavyopima kiroba cha kahawa.

"Nzito. Nitaisoma."

"Yote, Mzee?"

"Umeandika yote, nami nitasoma yote."

Alisoma. Nilikuwa nikipita barabarani namwona barazani, kidole kwenye mstari, midomo inatembea. Kila siku kidole kilikuwa kimesogea, na kila siku nilipunguza mwendo nikipita, kisha nikauongeza. Laizer alianza kunitazama kama mgonjwa.

Bodi iliniita siku ya kuamkia mkutano. Walikaa kwenye ofisi ya mkuu, ile niliyokuwa naikaimu, na mimi nikapewa kiti cha wageni.

"Umeandika kwamba mimi nawafukuza walimu," Mzee Akyoo akasema.

"Nimeandika kikao, Mzee."

"Kikao ni mimi." Hakuwa amepandisha sauti. "Unajua kwa nini nilikianzisha? Mama yangu alibeba mawe ya darasa la kwanza pale, akiwa mzee. Mtu aliyebeba jiwe ana haki ya kuuliza jiwe lake linafanya kazi gani. Unataka nimwambie hana?"

Nilikuwa nimejiandaa na nadharia, na mishale yake yote. Yote ilinitoka. Nikabaki na kilekile nilichokuwa najua.

"Anayo, Mzee. Aulize. Lakini aniulize mimi. Mkuu ndiye anayegawa vipindi, ndiye anayejua darasa gani halina vitabu na mwalimu gani amepewa watoto wengi kupita kiasi. Asimame mkuu peke yake."

"Kwa masomo yote?"

"Yote."

"Hata hesabu?"

"Hata hesabu."

"Wewe hesabu huijui, mwalimu. Nakumbuka ulivyokata keki ya mahafali."

Wajumbe wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. "Siijui, Mzee. Ndiyo maana nitamtunza anayeijua."

Mama Nanyaro, mjumbe pekee mwanamke, ambaye muda wote alikuwa anasuka kikapu, hakuinua hata macho. "Mpeni," akasema. "Anataka kusimama, tutamchosha kusimama."

Mzee Akyoo aliifunga tasnifu yangu, akaisogeza upande wake wa meza, wala hakunirudishia. "Yule wa Moshi," akawaambia wenzake, "mwambieni vyeti vyake ni vizuri."

Kesho yake walinitangaza mkuu wa shule mbele ya uwanja mzima, na vigelegele vilipoisha mwenyekiti alieleza utaratibu mpya kwa maneno machache, kisha akafunua karatasi. Nikasimama. Kiswahili kikaenda vizuri, historia ikaenda vizuri, na kwa muda mfupi nilijiona malkia. Halafu akasoma hesabu.

Mwalimu wetu mpya wa hesabu alikuwa kijana kutoka Babati, mwezi wake wa pili tu pale, na matokeo yale hayakuwa hata yake. Lakini alikuwa ameshahadithiwa. Nilimwona akiinuka nusu, amenyoosha tai, uso umekuwa wa majivu. Nikamwonyesha kwa mkono akae. Alikaa kama mtu asiyeamini kiti.

Mama mmoja alisimama mstari wa nyuma, kikapu mkononi. "Madam, wewe ndiye uliyefundisha watoto wetu hesabu?"

"Sikufundisha mimi, mama. Lakini niulize mimi."

Akaniuliza. Na aliyemfuata, na aliyemfuata huyo. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine. Waliyoniambia yalikuwa makali, na mengi yalikuwa ya haki, na viatu vyangu vipya vilikuwa vya kukalia, si vya kusimamia. Nilijibu niliyoyajua na kuahidi kuyatafuta nisiyoyajua. Kila nilipotaka kugeuka kumtazama yule kijana, nilijizuia, wasije wakafuata macho yangu.

Tukafunga shule kwa likizo fupi ya Pasaka. Kwetu hiyo ndiyo likizo ambayo walimu wa hesabu wakiondoka hawarudi. Siku ya kufungua niliamka kabla ya jogoo, nikapanda mteremko kwenye ukungu wa masika, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Sikwenda ofisini. Nilizunguka nyuma, upande wa madirisha, nikasimama pale wanaposimama akina mama na majani yao. Mlango wa kidato cha kwanza ulikuwa wazi. Wanafunzi hawajafika bado. Kijana wa Babati alikuwa ameingia peke yake, amekunja mikono ya shati, na kwa kamba na kipande cha chaki alikuwa anachora ubaoni duara kubwa, polepole, kwa uangalifu, kama mtu mwenye mwaka mzima mbele yake.